Hadithi Iliyokatizwa ni Deni

Wapenzi wasikilizaji, nilipokuwa kijana nyumbani kwetu tulikuwa na redio moja tu, na jioni moja katika kila juma hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa baba. Jioni hiyo ulitangazwa mchezo wa kuigiza wa upelelezi. Hata majirani walikuja na vigoda vyao. Basi siku moja mchezo ukakatishwa pale hasa mlango ulipogongwa usiku wa manane, na mpelelezi hajajua nani yuko nje. Juma lililofuata tukakaa tayari. Badala ya mchezo, ukapigwa muziki. Juma la tatu, muziki tena. Hakuna aliyetueleza lolote. Mimi leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado sijui ni nani aliyekuwa akigonga mlango ule.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu juma zima nimekuwa nikifuatilia historia ya mchezo mmoja wa kompyuta wa Kimarekani. Najua wako watakaocheka na kusema, mzee huyu ameingiliwa na nini hata akaacha bei ya unga na kuzungumzia michezo ya watoto? Nawaombeni subira kidogo.

Mwaka 1989 kampuni ya Access Software, ya mji wa Salt Lake City katika jimbo la Utah, ilitoa mchezo ulioitwa Mean Streets. Mhusika wake mkuu ni mpelelezi wa kujitegemea, Tex Murphy, anayeishi San Francisco ya mwaka 2033. Anavaa koti refu na kofia ya pama, kama wapelelezi wa sinema za miaka ya 1940, lakini gari lake linaruka angani. Binti mmoja anamwajiri achunguze kifo cha baba yake, profesa wa chuo kikuu, ambaye polisi wamesema alijirusha kutoka daraja la Golden Gate. Binti hasadiki. Kazi ya mchezaji ni kuuliza watu, kupekua vyumba na kuunganisha habari mpaka ukweli ujitokeze.

Kwa mtu wa redio kama mimi, kuna jambo moja la kuvutia hapo. Kompyuta nyingi za ofisini siku zile zilikuwa na kispika kidogo ndani yake kilichojua kulia "pii" tu. Mafundi wa kampuni hiyo walibuni njia ya kukifanya kitoe sauti ya mtu, bila mnunuzi kuongeza kifaa chochote. Na sura ya mpelelezi ilitoka wapi? Hawakukodi mwigizaji maarufu. Walimchukua mwenzao, Chris Jones, aliyekuwa akishughulikia hesabu za fedha za kampuni, wakampiga picha akiwa na kofia. Mtu wa hesabu akawa mpelelezi, na ikawa hivyo kwa miaka 25.

Mwaka 1991 ukatoka mwendelezo wa kwanza, Martian Memorandum, uliompeleka mpelelezi hadi sayari ya Mars. Mwaka 1994 ukafuata Under a Killing Moon, ambao Jones aliuandaa pamoja na mwandishi Aaron Conners. Huu ulijaza santuri 4 za kompyuta wakati nyumba nyingi hazikuwa hata na kifaa cha kuzisomea. Waigizaji walikuwa watu wa sinema, akiwemo Margot Kidder, yule aliyecheza na Superman mwaka 1978, na sauti nzito ya James Earl Jones ilisikika ikitoa maneno kutoka mbinguni. Mchezaji aliweza kutembea ndani ya chumba, akainama chini ya meza na kuvuta droo, badala ya kutazama picha zilizosimama.

Dunia yenyewe ilikuwa ya kutia huzuni. Ni mwaka 2042, vita kuu ya tatu imepita, na mionzi yake imewaharibu watu wengi maumbile. Waliobaki na miili mizima wamejitenga katika mji mpya, na wale walioharibika wameachiwa mji wa zamani uliochakaa. Tex Murphy ni mzima wa mwili, lakini anaishi upande wa wanyonge, na jirani zake ndio rafiki zake. Mwanamke ampendaye, Chelsee, anauza magazeti katika kibanda mtaa huohuo. Nyinyi mnaonunua magazeti kila asubuhi mtaona kwamba hata watu waliobuni magari ya kuruka hawakuweza kuubuni mtaa usio na muuza magazeti.

Mwaka 1996 ukaja The Pandora Directive, santuri 6, uliojengwa juu ya kisa cha Roswell cha mwaka 1947 na siri zinazodaiwa kufichwa na serikali ya Marekani. Mchezo huo ulikuwa na miisho kadhaa. Aliyemchezesha Tex kwa uungwana alifika kwingine, na aliyemchezesha kwa ulaghai alivuna alichopanda.

Halafu, mwaka 1998, ukatoka Overseer. Humo Tex anamsimulia Chelsee kesi yake ya kwanza, ile ya profesa na daraja, iliyotengenezwa upya kwa mitambo ya kisasa zaidi. Masimulizi yanakwisha, wawili hao wanaondoka pamoja, na ndani ya gari la angani wanapigwa risasi. Hadithi inaishia hapo. Kama ni wazima, kama ni maiti, nani aliyewapiga, hakuna ajuaye.

Waandishi walikata pale kwa makusudi, wakitumaini kuendelea. Lakini mwaka 1999 kampuni yao ilinunuliwa na Microsoft. Access Software ilijulikana zaidi kwa mchezo wa gofu uitwao Links, na mnunuzi alikuja kwa ajili ya gofu, hakuja kwa ajili ya mpelelezi. Mwaka 2004 kampuni ikauzwa tena, safari hii kwa Take-Two, na mwaka 2006 milango yake ikafungwa. Tex Murphy alibaki amelala ndani ya gari lake, mali halali ya watu wasiomhitaji.

Wapenzi wasikilizaji, hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba jambo hili si la watoto. Kisheria hakuna aliyekosa. Mwenye mali ana haki ya kuiuza, na aliyenunua ana haki ya kuifungia kabatini. Lakini hadithi si sawa na shamba au cherehani. Kwetu msimulizi haanzi mpaka aombe ruhusa. Anasema "Paukwa!" na watoto wanajibu "Pakawa!" Jibu lile si mapambo. Msikilizaji anakubali kutoa muda wake, usingizi wake na moyo wake, na msimulizi anakubali kumfikisha mwisho. Ni mkataba, ingawa hauna stempu. Anayeinuka katikati na kwenda zake ameacha deni, na ahadi ni deni.

Wadai wa aina hii wamekuwapo tangu zamani. Arthur Conan Doyle alipomtumbukiza Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji mwaka 1893, wasomaji walilalamika miaka nenda miaka rudi, hata mwaka 1903 akakubali kumrudisha, akieleza kwamba kumbe hakuanguka. Sisi nasi tuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanzia katika Mzimu wa Watu wa Kale na kuendelea kitabu baada ya kitabu, na tuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Waliosoma kimoja waliuliza, "Kingine kipo?" Swali hilo ndilo lililozaa mwendelezo tangu uandishi ulipoanza.

Kisa cha Tex Murphy kina tofauti moja. Doyle alikuwa na Holmes wake mkononi, alihitaji kukubali tu. Jones na Conners walikuwa na nia, lakini mpelelezi hakuwa wao tena. Walifanya nini? Mwaka 2001 walitoa sehemu 6 za mchezo wa redio, zikasambazwa kwa wapenzi wao kupitia intaneti. Naam, redio! Kamera, jukwaa na santuri zilipokosekana, zilibaki sauti na masikio, na hadithi ikapumua. Baadaye wakaunda kampuni yao ndogo, Big Finish Games, wakajikimu kwa michezo midogo ya kutafuta vitu vilivyofichwa, na hatimaye wakalipata jina la Tex Murphy mikononi mwao.

Fedha hawakuwa nazo. Mwaka 2012 wakaomba mchango wa hadhara kwa njia ya mtandao uitwao Kickstarter. Sisi tunaojua michango ya harusi hatuhitaji kufundishwa jambo hili, ila huko hakuna mjumbe wa kamati anayekufuata kazini na kadi mkononi. Waliomba dola 450,000 katika muda wa mwezi mmoja. Wakapata karibu dola 600,000. Wachangiaji walilipia kitu ambacho hakijatengenezwa, kwa kuwaamini watu waliowaacha njia panda mwaka 1998. Hebu fikiri, mdai anamkopesha mdaiwa ili mdaiwa apate uwezo wa kulipa!

Tarehe 7 Mei 2014 mwendelezo ukatoka, ukiitwa Tesla Effect. Miaka 16 ilikuwa imepita, na Chris Jones aliyevaa tena kofia ileile alikuwa mzee zaidi usoni. Wangeweza kujifanya kwamba usiku ule wa risasi ulikuwa jana. Hawakufanya hivyo. Tex anazinduka ofisini kwake na jeraha kichwani, ni mwaka 2050, na hakumbuki lolote la miaka 7 iliyopita. Chelsee hayupo. Watu wanamlaumu kwa mambo asiyojua kama aliyatenda. Kesi kubwa anayopewa ni ya maisha yake mwenyewe, na nyuma yake kuna siri za Nikola Tesla, yule mvumbuzi aliyefariki New York mwaka 1943 na ambaye karatasi zake zilichukuliwa na serikali ya Marekani.

Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora katika historia yote hii. Muda uliopotea haukufichwa, uliingizwa ndani ya hadithi. Mchezaji aliyengoja tangu ujana wake naye alikuwa amesahau mengi, akaanza kutafuta pamoja na mpelelezi. Sisemi kazi ilikuwa kamili. Wahakiki waligawanyika. Wako walioona mafumbo yake na uigizaji wake ni vya enzi iliyokwisha, na mgeni asiyemjua Tex angeweza kujiuliza shangwe ni ya nini. Lakini deni halilipwi ili kumpendeza mpita njia. Linalipwa kwa anayedai.

Nina jambo moja la kumalizia, na linatuhusu sisi wa redio. Michezo ya kuigiza iliyorushwa hewani katika nchi zetu ni mingi, na kanda nyingi zilifutwa ili zirekodiwe vitu vingine, kwa kuwa kanda zilikuwa adimu. Waliocheza, waliobuni na waliosikiliza wanapungua kila mwaka. Wamarekani wale walipotaka kuendelea, angalau michezo yao ya zamani ilikuwapo, na mtu aliweza kurudi mwanzo akajua hadithi iliishia wapi. Sisi tukitaka kuendelea, tutaanzia wapi?

Kwa hiyo, kama kuna msikilizaji mwenye kanda ya zamani chini ya kitanda, au mzee aliyewahi kushika karatasi za mchezo mbele ya kipaza sauti, naomba asizitupe. Azihifadhi, na awaite vijana wenye vifaa vya kisasa wazinakili. Na kama katika kanda hizo kuna ule mlango uliogongwa usiku wa manane, tafadhali aniambie nani aliyekuwa nje. Wengi wa wale waliokuja na vigoda vyao wameshatangulia mbele ya haki, lakini mimi bado ninangoja.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.