Stevenson: Mgonjwa aliyeandika hadi siku ya kufa

ROBERT Louis Stevenson, mtunzi wa riwaya mashuhuri ya Treasure Island, alizaliwa Novemba 13, 1850 mjini Edinburgh, Scotland, katika ukoo wa wahandisi waliojenga minara ya taa za kuongozea meli. Baba yake, Thomas, alitaka mwanawe wa pekee airithi kazi hiyo. Kijana alikataa. Alisomea sheria na kuhitimu kuwa wakili mwaka 1875, lakini moyo wake ulikuwa katika uandishi.

Tangu utotoni aliandamwa na maradhi ya kifua. Hata hivyo, ugonjwa haukumnyang'anya kalamu. Treasure Island ilichapishwa kama kitabu mwaka 1883, na baadaye ikatafsiriwa kwa Kiswahili ikiitwa Kisiwa chenye Hazina. Mwaka 1886 zilifuata Kidnapped na kisa cha Dkt Jekyll na Bw Hyde, mtu mmoja mwenye nafsi mbili, njema na ovu.

Mwaka 1888 yeye na mkewe Mmarekani, Fanny, walianza safari ya Bahari ya Pasifiki kutafuta hewa ya kumfaa, wakaishia kufanya makao Samoa. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi wa hadithi. Naye aliwatetea: katika kitabu alichochapisha mwaka 1892, alishutumu jinsi Ujerumani, Uingereza na Marekani zilivyogombania visiwa vyao.

Alifariki Desemba 3, 1894 akiwa na umri wa miaka 44. Kilichomuua si kifua, bali kuvuja damu ubongoni. Asubuhi hiyo alikuwa angali anaandika riwaya ya Weir of Hermiston, ambayo haikukamilika. Wasamoa walifyeka njia hadi kilele cha Mlima Vaea, wakambeba na kumzika huko.