Tabora, Septemba 1916

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwezi wa Septemba 1916 ndio ulioamua mengi katika nchi za Maziwa Makuu. Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalikwisha kuzitwaa Rwanda na Burundi. Sasa yaliukabili mji wa Tabora, uliokuwa kwenye reli ya Kigoma na kulindwa na Wajerumani wa Jenerali Kurt Wahle. Baada ya mapigano makali huko Lulanguru na Itaga, Wajerumani waliuhama mji, na tarehe 19 Wabelgiji wakauingia.

Mwaka 1917 Tabora ilikabidhiwa kwa Waingereza. Lakini kwa mapatano ya 1919 Wabelgiji waliachiwa Rwanda na Burundi. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yao.

Nani basi aliyelipia ushindi huo? Waliopigana pande zote mbili wengi wao walikuwa askari wa Kiafrika, na nyuma yao walifuata wapagazi, wengi wakiwa wamelazimishwa, ambao njaa na maradhi viliwaua kuliko risasi. Katika mapatano yale hakuna aliyewauliza neno. Walimu wenzetu, tufundishapo habari za Tabora, tusianze na majenerali; tuanze na mpagazi.