Nani Anaamua Faili Yako Ilale Wapi?

Kwa setingi za programu za kupakua torenti huwa kuna swali ambalo wasee wengi huliruka: je, itenge nafasi yote ya faili kwa diski kabla ya kuanza kupakua? Hilo swali lina miaka karibu 60, na watu wenye akili sana wamelijibu kwa njia zinazopingana kabisa.

Anza na IBM. Mwaka wa 1964 walitangaza System/360, na mfumo wake mkubwa wa uendeshaji ukaitwa OS/360. Pale hukuwa unaandika tu faili halafu iingie penye itaingia. Kabla kazi yako ianze, ulijaza kwenye kadi sehemu inaitwa SPACE: nipe silinda 10 za kuanzia, zikiisha niongezee 5 kila mara. Silinda! Yaani programa alitakiwa ajue hadi umbo la diski. Ukitaka nafasi yote ikae pamoja bila kukatwakatwa, unaongeza CONTIG. Na usiwacheke, juu diski moja ya wakati huo, IBM 2311, ilibeba megabaiti 7.25 pekee. Hiyo haitoshi hata dakika moja ya video ya simu yako.

Shida ilikuwa kukadiria, kama kupikia harusi ya ushago bila kujua nani atakuja. Ukitaja nafasi kubwa, umewafungia wenzako diski ambayo hutumii. Ukitaja ndogo, faili inaongezewa hadi ifike vipande 16 kwa hiyo diski, halafu kazi inakufa katikati na msimbo wa B37. Watu wa mainframe bado wanaujua huo msimbo vizuri sana.

1969, Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie wanaanza Unix, na hayo yote yanatupwa nje. Faili ni mfululizo wa baiti, basi. Hutaji ukubwa, ukiandika, inakua. Kwangu huo ni kati ya maamuzi bora zaidi kwa historia ya kompyuta. Ndio maana leo unarekodi bila kuulizwa kwanza video itakuwa ndefu kiasi gani.

Lakini kulikuwa na bei. Unix ya zamani ilichukua bloki yoyote iliyo wazi kwenye orodha, na hiyo orodha ilivurugika kadiri faili zilivyofutwa. McKusick, Joy, Leffler na Fabry wa Berkeley walichapisha vipimo 1984: mfumo ukiwa mpya ulifika kilobaiti 175 kwa sekunde, na baada ya wiki chache za matumizi ya kadiri ukashuka hadi 30. Dawa yao? Walikuza bloki, wakagawa diski kwa makundi ya silinda, wakaweka faili za folda moja karibu karibu, na wakaacha asilimia 10 ya diski tupu ili mfumo uwe na pa kuchagua. Kumbe silinda zimerudi, ila sasa anayehesabu ni mfumo, si wewe.

Kwa faili za kawaida hiyo inatosha. Video ni mambo mengine. SGI, watu wa mashine za michoro, walitoa XFS 1994, na XFS ina atributi ninayoipenda sana: unaiambia faili, kila ukikua, chukua nafasi kwa vipande vikubwa vya kiasi hiki. Ni dokezo tu, haiui kazi ya mtu. Unaweza kuiweka kwenye folda na faili mpya zikairithi.

Halafu kuna Btrfs, na hapa ndio nakasirika kidogo. Btrfs haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika mahali papya kila mara. Kwa faili za hifadhidata hiyo inaleta vipande vipande kama enzi za zamani, so wakaweka atributi ya herufi C: andika palepale. Lazima uiweke faili ikiwa bado tupu. Sawa. Lakini faili hiyo pia inapoteza hesabu za kugundua data iliyoharibika. Sababu ipo, juu stima ikipotea katikati ya kuandika, data na hesabu zake zingeweza kukosa kulingana. Tatizo ni kwamba amri yenyewe, chattr, haikwambii chochote. Msee anafuata maelekezo ya kuongeza spidi, anaandika herufi moja, spidi inapanda, na hajui data ikioza kesho mfumo hautasema neno. B37 ilikuudhi, lakini angalau ilipiga kelele.