Mayai Yaliyohama Mto McCloud

Mwaka 1872 Livingston Stone, mchungaji wa kanisa aliyekuwa amegeukia ufugaji wa samaki, alifika mto McCloud, kaskazini mwa California. Serikali ya Marekani ilimtuma akusanye mayai ya salmoni yapelekwe majimbo ya mashariki, ambako samaki hao walikuwa wakitoweka mitoni. Wenyeji, Wawinnemem Wintu, hawakufurahi kumwona. Baadaye baadhi yao walifanya kazi kwenye kituo chake.

Nakiri kwamba kilichonivuta kwanza ni kazi yenyewe. Jike hukamuliwa mayai, yakachanganywa na mbegu za dume, kisha yakalazwa kwenye trei, gizani, maji baridi yakipita muda wote. Maji yakiwa na nyuzi joto 10 hivi, vifaranga hutoka baada ya siku 50 au zaidi kidogo. Siku za mwanzo ukiyatikisa, basi, umeyaua. Yaliyokufa hugeuka meupe, na lazima uyatoe moja moja kabla ukungu haujashika mengine. Halafu, ndani ya yai, yanatokea madoa mawili meusi: macho. Hapo ndipo yai linakuwa gumu kiasi cha kustahimili safari.

Na yalisafiri kweli. Yalifungwa kwa mimea laini yenye unyevu, barafu pembeni, yakavuka bara kwa treni na bahari kwa meli. Mwanzoni mwa karne ya 20 mayai ya California yalitotolewa Nyuzilandi, na salmoni wakashika makazi katika mito ya huko.

Kule yalikotoka mambo yakawa mengine. Salmoni huenda baharini akarudi kuzaa mtoni alikozaliwa, akiutambua kwa harufu. Bwawa la Shasta, lililokamilika mwaka 1945, liliziba njia hiyo na kuzamisha sehemu kubwa ya ardhi ya Wawinnemem, hata mahali kilipokuwa kituo cha Stone.

Mwaka 2010 Wawinnemem walikwenda Nyuzilandi, wakacheza ngoma kando ya mto Rakaia kuwaomba msamaha salmoni wa huko. Hebu fikiria: waliotendewa ndio walioomba radhi.

Mwaka 2022, wakishirikiana na mashirika ya serikali, walirudisha mayai ya salmoni kwenye mto McCloud. Yalitoka kituo kilicho chini ya bwawa lilelile, na kituo hicho kinaitwa kwa jina la Livingston Stone.

Simwoni Stone kama mtu mbaya. Alijua yai linahitaji nini, tena kwa undani, na ujuzi huo ndio uliotumika kulirudisha. Ila trei haiwezi kumfungulia samaki njia. Vifaranga wa 2022 walipoteremka walinaswa kwa mitego na kubebwa kwa gari hadi ng'ambo ya pili ya bwawa. Mpaka leo wakubwa hawawezi kupanda wenyewe kurudi nyumbani.