Habari za kusini zimeandikwa wapi? Vitabu vya kumsaidia anayetaka kuijua Mtwara

Swali linalotufikia mara nyingi studioni, kwa simu na kwa ujumbe mfupi, ni hili: kwa nini sisi wa kusini tulibaki nyuma? Wengine huliuliza kwa hasira, wengine kwa utani. Hivi karibuni msikilizaji mmoja wa Msimbati aliongeza la pili: je, kuna kitabu kinachoeleza?

Vipo, tena vingi. Tunazungumzia vitabu vya mambo ya kweli, siyo riwaya: historia, maisha ya watu, utafiti wa jamii. Pwani hii kuanzia Lindi hadi mdomo wa Ruvuma imeandikwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Shida ni kwamba sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na waliosimulia habari hizo, au wajukuu wao, hawajawahi kuziona.

Tuanze na kitabu kinachojibu swali la msikilizaji wetu moja kwa moja. Kinaitwa The Making of a Periphery, kilihaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda, kikatoka mwaka 1998. Jina lake tu lina hoja: pembezoni hapazaliwi, hutengenezwa. Waandishi wake wanaiangalia mikoa ya kusini kupitia uchumi na utamaduni, na ukikisoma unaona kwamba umbali wetu haukuwa wa kilomita peke yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulikuwa ukitukata na Dar es Salaam masika yakiwa makali. Mto ulikuwepo siku zote. Kuuacha bila daraja miaka yote ile yalikuwa maamuzi ya watu.

Mfano mkubwa wa maamuzi ya namna hiyo ni mradi wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Alan Wood, aliyekuwa mtumishi wa shirika lililousimamia, aliandika The Groundnut Affair mwaka 1950, wakati mambo yakiendelea kuharibika. Kinasomeka kama kichekesho mpaka ukumbuke kwamba mashamba yale yalikuwa ardhi ya watu. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na ndiyo hii tunayopakilia korosho.

Wageni waliopita

Vitabu vya zamani zaidi viliandikwa na wasafiri. David Livingstone alifika huku Machi 1866. Alijaribu kwanza kuingia mdomo wa Ruvuma, lakini mikoko ilimzuia kushusha ngamia wake, akageuza kwenda Mikindani. Habari hizo zimo katika shajara zake za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake. Mvuvi yeyote wa Mnazi Bay anayeijua ile mikoko atazielewa kurasa hizo bila mkalimani.

Mwaka 1906 alikuja Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, akazunguka Lindi, Masasi na Newala. Alirekodi nyimbo kwa santuri za nta na kupiga picha za ngoma. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Ana dharau za wakati wake, hilo hatulifichi. Lakini aliwapa penseli wapagazi wake na wenyeji wachore wanachotaka, na baadhi ya michoro hiyo aliichapisha. Sisi tunakifungua kitabu kile kwa ajili ya michoro. Ndimo mlimo na mikono ya watu wetu.

Kuna na mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1907, ambao una habari za kale za miji ya pwani, ikiwemo Lindi, Sudi na Mikindani, zilizoandikwa kwa Kiswahili na wenyeji wenyewe. Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita babu zetu walikwisha kuandika historia yao kwa lugha yao. Inashangaza kwamba leo ni rahisi kuzipata kwa tafsiri ya Kiingereza kuliko kwa Kiswahili chake.

Majimaji, bila kupamba

Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ndivyo vilivyoandikiwa zaidi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliviandikia utenzi, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1957. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, na katika miaka hiyo hiyo John Iliffe na Gilbert Gwassa walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kinachorudi kijiji kwa kijiji na kuuliza nani hasa alipigana na kwa sababu gani.

Hapa msomaji wa Mtwara ajiandae. Tumezoea kusema kusini yote ilisimama pamoja. Vitabu vinaonyesha kwamba misheni ya Masasi ilichomwa mwaka 1905, lakini sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde haikuingia vitani, na viongozi kadhaa wa upande wa Newala, akiwemo Matola, walikaa pembeni au upande wa Wajerumani. Tulipolisema hili hewani, mzee mmoja alipiga simu kutukaripia. Mwingine akapiga baada yake: "Mwacheni aseme, baba yangu naye alinieleza hivyo hivyo." Kwa maoni yetu kukaa nje ya vita kulikuwa pia njia ya kuokoa watoto, kwa sababu njaa iliyofuata ilimaliza watu wengi kuliko risasi.

Waliobaki walijijenga upya. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Uislamu Tanzania bara, anaonyesha jinsi dini ilivyoenea katika vijiji vya Lindi na Mtwara baada ya vita kwa juhudi za wanavijiji wenyewe. Kuhusu Newala chini ya Waingereza, kipo cha J. Gus Liebenow cha mwaka 1971 juu ya Wamakonde. Ni kizito, lakini anayetaka kuelewa utawala wa maliwali hana budi kukipitia.

Ng'ambo ya Ruvuma usomeke mwandiko wa Eduardo Mondlane, The Struggle for Mozambique, uliotoka mwaka 1969, mwaka aliouawa Dar es Salaam. Una ushahidi wa mauaji ya Mueda ya Juni 1960. Familia nyingi za Mtwara zina ndugu waliovuka mto kwa sababu ya miaka ile. Na Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alitoa kumbukumbu za maisha yake mwaka 2019, miezi michache kabla ya kufariki.

Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ghasia za Januari na Mei 2013 kabla ya bomba kwenda Dar es Salaam, vimeandikiwa hasa makala za kitaaluma za Kiingereza. Walioziona siku zile wapo, wanapumua, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanauliza.

Vitabu vya Livingstone na Weule vinapatikana bure kwenye intaneti kwa Kiingereza, kwa kuwa hakimiliki imekwisha. Vingine uliza maktaba ya mkoa au ya chuo. Na ukitaka kumrekodi bibi yako kwa simu, taja mwanzoni tarehe, kijiji, jina lake na jina lako, kisha mwache aongee Kimakonde kama ndicho anachokiweza vizuri.