Chenga: Neno la Kujua Kabla ya Kununua Kinoo

Jina la Kulamawe, kituo kilichoko kwenye barabara itokayo Isiolo kuelekea Modogashe, humfanya mgeni aulize ni nani aliyekula mawe. Fundi wa visu haulizi. Katika lugha ya kazi yake kila kitu kinakula au kinaliwa: msumeno unakula mbao, tupa inakula chuma, na kinoo kilichoziba huambiwa hakili tena. Kisu kilichonolewa miaka mingi hadi bapa lake likabaki jembamba kama jani la mhindi kimeliwa na jiwe.

Nilifika huko siku chache kabla ya Idd-ul-Adha nikiwa na kisanduku nilicholetewa na ndugu yangu anayefanya kazi Ghuba. Ndani mlikuwa na kibanio cha kushikia kisu, fimbo nne nyembamba za chuma, na mawe manne. Mzee mmoja mchinjaji alikuwa ameketi mbele ya bucha, kisu chake kilichofuliwa kwa springi ya lori kikiwa gotini. Akayachukua yale mawe moja baada ya jingine, akayapitishia ukucha wa kidole gumba, kisha akanionyesha maandishi ya ubavuni: 120, 280, 600, 1000.

"Mwanangu, hizi namba ni za nini?"

"Ni za ukali wa jiwe, mzee."

"Basi hili la elfu moja ndilo kali kuliko yote?"

"Hapana, mzee. Hilo ndilo laini kuliko yote."

Akaligonga kwa ukucha. "Laini? Mbona ni gumu kuliko haya mengine?"

Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Jambo lenyewe nililijua, ila maneno niliyompa yalikuwa mabovu. "Ukali" nilioutaja ulikuwa wa jiwe, naye aliuelewa kuwa ni ukali wa kisu kitakachotoka kwenye jiwe hilo. "Laini" katika Kiswahili ni kinyume cha kukwaruza, na pia ni kinyume cha ugumu. Unga ni laini, godoro nalo ni laini. Kinoo kinaweza kuwa laini kama unga kikawa kigumu kama kaure, na kinaweza kukwaruza kama msasa huku kikimumunyuka ukikisugua kwa kidole. Neno moja likibeba mambo mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyatenganisha, atanunua jiwe asilolihitaji.

Kwanza tukubaliane kinoo ni nini ndani yake. Ni punje ndogo ndogo za kitu kigumu kuliko chuma, zilizoshikwa pamoja kwa gundi. Gundi hiyo yaweza kuwa udongo uliochomwa, plastiki, au tabaka la nikeli lililonasa almasi juu ya bamba la chuma. Punje ndizo zinazokula. Gundi huamua zitashikwa kwa muda gani kabla hazijang'oka na kuacha punje mpya zitokeze.

Punje hizo tuziiteje? Nimesikia majina kadhaa. "Chembe" ni neno zuri, lakini wanafizikia na wanabiolojia wamelichukua zamani na limechoka kwa kazi. "Changarawe" ni kubwa mno, hiyo ni ya barabara na zege. "Ukwaruzo" unataja kinachotendeka, hautaji kitu chenyewe. Mimi nachagua "chenga". Kila mpishi anazijua chenga za mchele, zile punje zilizovunjika zinazobaki chini ya chekeche na kuuzwa kwa bei nafuu. Ni vipande vidogo vyenye kingo, vinavyopangwa kwa ukubwa kwa kuchekechwa, na chenga za kinoo ndivyo zilivyo hasa. Mtoto wa mpira atasema chenga ni ya kumhadaa beki. Sawa, lakini hakuna atakayechanganya uwanja na jiwe la kunolea.

Tukishalipata neno hilo, mengine yanajipanga. Jiwe lina chenga kubwa au chenga ndogo. Hilo ni suala la ukubwa. Jiwe ni gumu au legevu. Hilo ni suala la gundi. "Jiwe laini" tuliache kabisa. Ningemwambia mzee kwamba jiwe la 1000 lina chenga ndogo na gundi ngumu, angeelewa palepale.

Chekeche ndilo linaloeleza kwa nini namba inapanda huku chenga zikipungua ukubwa. Zamani namba hiyo ilihesabu matundu ya chekeche katika kila inchi moja, yaani milimita 25.4. Matundu yakiwa mengi yanakuwa madogo, na kinachopita ni kidogo zaidi. Siku hizi chenga ndogo sana hazichekechwi kwa waya, hupimwa kwa njia nyingine, lakini desturi ya namba ilibaki.

Kwenye namba ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, maana kila taifa lina chekeche lake. Wazungu wa Ulaya wana viwango viwili: herufi F kwa mawe na magurudumu ya kunolea, na herufi P kwa msasa wa karatasi. Wajapani wana JIS. Wamarekani wana chao. Chukua 1000 kama mfano. Kwenye msasa wa P1000 chenga zina wastani wa maikroni 18.3. Kwenye jiwe la JIS 1000 ni kama maikroni 11.5. Kwenye jiwe la F1000 ni maikroni 4.5 tu. Namba ni ileile, na chenga za kwanza ni kubwa mara nne kuliko za mwisho. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina kinoo cha elfu moja", bado hajakuambia kitu mpaka aseme ni cha chekeche la nani.

Ndiyo maana napendekeza tutofautishe "namba ya chenga" na "ukubwa wa chenga". Ya kwanza ni jina la kibiashara, wa pili ni kipimo cha maikroni. Kimoja kikipanda kingine hushuka, na anayefundisha vijana kazi hii aanze na hilo.

Sasa kile kifaa chenyewe cha kibanio na fimbo. Nimesikia kikiitwa "kinoo cha mwongozo", nami sikubaliani na jina hilo kwa sababu mbili. Mwongozo kwa msomaji wa Kiswahili ni kitabu cha maelekezo. Tena, kinachoongozwa hapo ni jiwe, kwa hiyo jiwe haliwezi kuitwa kiongozi. Kiswahili kina njia yake ya kuunda majina ya vifaa: chuja, chujia, kichujio, futa, futia, kifutio. Noa, nolea, kinoleo. "Noleo" pekee limo kamusini na lina kazi nyingine, ni ile pete ya chuma inayobana mpini pale bapa linapoingia, lakini "kinoleo" liko huru. Kwa sifa ya kuongoza tunalo "elekezi", lililozoeleka katika "bei elekezi". Basi kifaa kizima ni kinoleo elekezi, na mawe yake ni vinoo. Kinoleo elekezi kimoja, vinoo vinne. Kibanio kinashika kisu, fimbo inapita kwenye tundu lenye pembe maalumu, na kinoo kilichofungwa kwenye fimbo hakiwezi kuyumba. Vile vya Lansky vya Marekani, kwa mfano, vina matundu ya nyuzi 17, 20, 25 na 30 kwa kila upande. Kisu cha samaki kinapenda 17, cha jikoni 20, na kile kitakachogonga mfupa kinataka 25.

Kazi ya fimbo ni kuweka pembe ileile kila mara, na hilo linazaa sharti ambalo wauzaji hawalitaji: vinoo vyote viwe na unene sawa. Fimbo inapoegemea tundu lililo milimita 200 kutoka kwenye makali, tofauti ya milimita 3.5 katika unene wa jiwe inabadilisha pembe kwa karibu nyuzi moja. Ukibadilisha jiwe kwa lingine la unene tofauti bila kurekebisha, jiwe la pili litasugua bega la makali na kamwe halitafika ukingoni, au litagusa ukingo peke yake. Utanoa nusu saa na kisu kisibadilike. Njia ya kugundua ni rahisi: paka makali wino wa kalamu nene nyeusi, pitisha jiwe mara tatu, utazame wino umetoka wapi. Nimefanya hivyo na mawe ya makampuni mawili tofauti na nikaona wino umebaki mstari mweusi ukingoni kabisa, kama wanja.

Unene huo pia unasaidia kuchagua aina ya chenga. Mawe ya maji ya Kijapani yana gundi legevu, yanakula haraka na kwa utamu, lakini yanaliwa vilevile. Yanabonyea katikati na unene wake unashuka kila mwezi. Mengi yanataka kulowekwa kabla ya kazi. Isiolo ni nchi kame, na mahali ambapo mtungi wa lita 20 unabebwa kutoka kisimani, sioni sababu ya kumshauri mtu anunue jiwe linalokunywa maji. Bamba la almasi halibonyei, halibadilishi unene, na linafanya kazi likiwa kavu au kwa matone machache. Almasi hizo hazitoki mgodini Mwadui. Hutengenezwa viwandani, teknolojia iliyofaulu katika maabara ya General Electric mwaka 1954, na ndiyo maana bamba lake halikugharimu bei ya pete ya harusi. Usilikandamize tu. Almasi inang'oka kwenye nikeli ukiisukuma kwa nguvu, na ikishang'oka hairudi.

Je, kila mtu anahitaji almasi? Hapana. Chuma cha springi ya lori ni chuma cha kaboni chenye aloi kidogo tu, hakina ndani yake vitu vigumu vya kushindana na jiwe. Chenga za alumini oksaidi zinakitosha, na hizo ni madini yaleyale ya rubi zinazochimbwa Mangare kule Taita-Taveta, ila bila rangi yake. Chenga za silikoni kabaidi, zile ambazo Edward Acheson alizipata Marekani mwaka 1891 akitafuta almasi bandia na kuziita carborundum, zinakitosha zaidi na ni za bei nafuu. Visu vya kisasa vyenye vanadiamu nyingi, kama vile vya chuma cha S30V chenye asilimia 4 ya vanadiamu, ndivyo vinavyodai almasi, kwa kuwa kabaidi ya vanadiamu ni ngumu kuliko alumini oksaidi. Hapo jiwe la kawaida linakula chuma kinachozunguka kabaidi na kuiacha kabaidi yenyewe bila kuichonga.

Nirudi kwa mzee. Kisu chake kilikuwa butu kweli, na kwa mchinjaji Mwislamu hilo si jambo dogo. Mafundisho ya dini yanamtaka anoe vizuri ili mnyama asiteseke, na asinoe mbele ya macho yake. Nikafunga kisu kwenye kibanio kwa nyuzi 25. Nikaanza na 120 mpaka ukatokea uzi, ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili na kukwama kwenye kidole ukikipitisha kutoka mgongoni kuelekea nje. Uzi ukiwa haujatokea urefu wote wa kisu, kuhamia jiwe linalofuata ni kupoteza muda. Kisha 280, kisha 600, kisha 1000, na mwisho ukanda wa ngozi. Makali yaling'aa, na yakanyoa vinyweleo vya mkono wangu.

Kesho yake asubuhi alikirudisha. Kilikuwa kimepita vizuri kwenye nyama, akasema, lakini kwenye ngozi ya mbuzi na kwenye kamba ya mkonge kilikuwa kinateleza. "Umekitoa meno," akaniambia.

Meno ndilo neno. Kila chenga inaacha mchirizi, na michirizi inapokutana na ukingo inaufanya kuwa kama msumeno mdogo sana usioonekana kwa macho. Chenga kubwa huacha meno makubwa yanayoshika ngozi, kamba na nyanya. Chenga ndogo huyasawazisha, na ukingo unafaa kwa wembe, kwa randa, kwa kisu kinachosukumwa bila kuvutwa. Mchinjaji anavuta kisu, kwa hiyo anataka meno. Nilirudia kwa 280 mara chache, nikamalizia kwa 600 kwa mkono mwepesi, uzi ukatoka, na ukanda wa ngozi nikauacha. Hakukirudisha tena.

Kwa hiyo mtu wa bucha au wa jikoni akiniuliza anunue vinoo gani kwa kinoleo chake, namwambia vitatu: kimoja cha chenga kubwa, kati ya 120 na 220, cha kuweka pembe upya au kuondoa pengo, kimoja kati ya 280 na 400 cha kila wiki, na kimoja cha karibu 600 cha kumalizia. Kila hatua iongeze namba kama mara mbili hivi, na vyote viwe vya kiwango kimoja na unene mmoja. Seti za vinoo kumi hadi namba 8000 ni za mtu anayependa kioo kwenye makali yake, na sina ubaya naye, lakini mbuzi hajui tofauti.

Na ukisimama dukani, iwe Isiolo, Gikomba au Kariakoo, ugeuze kinoo utazame herufi iliyo kabla ya namba. Usipoiona, muulize muuzaji chenga zake ni za maikroni ngapi. Asipojua, mwombe akuonyeshe kingine.