Hadhi ya mkimbizi: Jinsi inavyopatikana, kubadilika na kukoma

Kambi ya Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, ilifunguliwa mwaka wa 1992 kuwapokea vijana waliotoroka vita nchini Sudan. Watoto wengi wamezaliwa humo tangu wakati huo, ila kuzaliwa Kenya pekee hakumfanyi mtu kuwa Mkenya. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, uraia wa kuzaliwa ni wa yule ambaye baba au mama yake ni raia. Cheti cha kuzaliwa huthibitisha mahali na tarehe, si uraia.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka anayeingia nchini kusaka usalama awasilishe ombi katika muda wa siku 30. Huyo ni mwomba hifadhi. Huwa mkimbizi ombi lake linapokubaliwa na Kamishna wa Wakimbizi. Likikataliwa, anaweza kukata rufaa.

Wengine hutambuliwa kwa pamoja kutokana na hali ilivyo kwao, kama raia wa Sudan Kusini baada ya vita vilivyozuka Desemba 2013. Utaratibu huo waweza kufutwa. Mwaka wa 2016 ulifutwa kwa raia wa Somalia, na waliofika baadaye wakawa wanahojiwa mmoja mmoja.

Hadhi hiyo ina mipaka. Safari ya kutoka Kakuma hadi Lodwar, yapata kilomita 120, imekuwa ikihitaji kibali. Hata hivyo, kibali cha safari au cha kazi hakimwondolei mtu ukimbizi.

Hadhi hukoma mtu anaporejea kwao kwa hiari na kukaa, anapopata uraia mpya, au anapojirejesha chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, kwa mfano kwa kuchukua pasipoti yake.

Sheria ya 2021 imeongeza njia nyingine. Mkimbizi kutoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuacha ukimbizi kwa hiari ili afaidi haki za Mkataba wa Jumuiya. Sudan Kusini ilijiunga mwaka wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022 na Somalia 2024. Anayechagua njia hiyo huachana pia na kinga ya mkimbizi, hivyo ni muhimu apate ushauri wa kisheria kabla ya kutia sahihi.